Shajara ya mradi: Mlo wa Sikukuu ya Shukrani kwa watu kumi kutoka gari-nyumba moja

Jumapili, 3 Novemba 2024

Lengo la mradi huu ni kuwaandalia watu kumi chakula kamili cha Sikukuu ya Shukrani kutoka katika gari-nyumba la futi 25, ambamo mimi na mume wangu tunaishi tangu nilipoanza kufanya uuguzi kwa mikataba ya wiki 13, leo jimbo hili la Marekani, kesho lile. Gari letu ni la daraja C, lile lenye kitanda juu ya kichwa cha dereva. Jikoni mna plati tatu za gesi ambazo haziwezi kubeba sufuria tatu kubwa kwa pamoja, oveni ambayo sinia la kuokea bata mzinga mzima haliingii, friji ya gesi na sinki moja. Meza ya ndani inakaa watu wanne.

Kwa muda wote tulioishi barabarani tumekuwa watu wa kualikwa. Sikukuu ikifika, wenye nyumba hutuita, nasi huenda na bakuli la kachumbari au sahani ya sambusa, tukala, tukafua nguo zetu katika mashine yao, tukashukuru na kuondoka. Ni wema ambao hatuusahau, lakini mtu aliyelelewa Tanga, ambako kukosa cha kumkaribishia mgeni ni aibu kubwa kuliko kukosa cha kula wewe mwenyewe, hawezi kukubali kuwa mgeni wa kudumu. Mwaka huu tunaalika sisi.

Sikukuu hii haina tarehe moja ya kila mwaka. Tangu sheria ya mwaka 1941 huwa Alhamisi ya nne ya Novemba, na mwaka huu imeangukia tarehe 28, ambayo ndiyo ya mwisho kabisa inayoweza kuangukia. Kwa mtu wa nyumbani jambo hilo halina uzito. Kwa anayepanga kula nje lina uzito, kwa sababu siku zinazidi kuwa fupi na baridi ya jioni inaingia mapema, kwa hiyo chakula lazima kiive, kiliwe na vyombo viwe vimeshaondolewa kabla jua halijazama.

Mahali tulipopachagua ni Quartzsite, mji mdogo wa jangwani magharibi mwa Arizona, katika makutano ya barabara kuu ya I-10 na ile ya US 95, kiasi cha maili 20 kutoka Mto Colorado, ambao ndio mpaka na California. Mkataba wangu unakwisha katikati ya mwezi, na mji huo uko katikati ya wageni wetu wote: rafiki yangu muuguzi, mzaliwa wa Nairobi, atatoka Phoenix kwa mwendo wa saa mbili, familia ya watu wanne wenye asili ya Lubumbashi itatoka Tucson, na shemeji, mtu wa Mombasa anayeendesha malori ya masafa marefu, atatoka upande wa Los Angeles. Wawili waliobaki ni mzee na mkewe kutoka Minnesota, wastaafu wanaokimbia theluji kila mwaka, ambao tulikuwa majirani nao jangwani majira ya baridi yaliyopita na tayari wamekwisha kufika.

Jumapili, 10 Novemba

Leo tumeamua tutaegesha wapi, na uamuzi huo umebadilisha sehemu kubwa ya mpango. Ardhi inayouzunguka mji wa Quartzsite ni ya serikali kuu, chini ya Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi, nayo inamruhusu mtu kupiga kambi kwa njia mbili. Upo uwanja wa La Posa, wa kukaa muda mrefu, ambao hufunguliwa kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili kwa kulipia kibali, na humo mna mabomba ya maji na mahali pa kumwaga matanki. Kisha kuna maeneo ya bure ambayo mtu anaruhusiwa kukaa siku 14 tu katika kipindi cha siku 28, na huko hakuna bomba wala umeme. Tumechagua eneo la bure, kando ya barabara ya Plomosa kaskazini mwa mji, kwa sababu wageni watakuja na magari yao na mahema yao, na si adabu kumwalika mtu karamuni kisha akaanza kwa kutafuta kibali cha kulipia. Gharama ya uamuzi huo ni kwamba maji, choo na taka vyote viko juu yetu.

Baada ya hapo tukapanga vyakula. Kanuni tuliyoiweka ni kwamba chochote kinachohitaji oveni kinaondolewa katika orodha au kinapewa mtu mwenye oveni. Majirani zetu wa Minnesota wana gari kubwa la kuvutwa lenye oveni ya kueleweka, kwa hiyo wamejitwika pai mbili za maboga. Familia ya Tucson italeta sombe, yaani kisamvu, iliyokwisha kupikwa na kugandishwa, pamoja na unga wa bukari, ndio ugali wa kwao, na mama mwenye nyumba amesisitiza kuwa bukari atausonga mwenyewe papo hapo, kwani ukipoa si chakula tena. Sisi tumebaki na bata mzinga, pilau ya nyama ya ng'ombe, sukuma wiki, kachumbari na chai.

Kulikuwa na suala la nyama ya halali, na niliona afadhali lizungumzwe mapema kuliko mtu kufika mezani akaanza kuuliza kila bakuli lina nini. Shemeji aliponisikia nalitaja kwenye simu alijaribu kulifuta.

"Shemeji, mimi msinihangaikie. Mkinichomea samaki nikala na wali wangu pembeni, yatosha."

"Wewe si wa kula pembeni, shemeji. Nyama yote itakuwa ya halali, na wote tutakula hiyohiyo."

Rafiki yetu wa Phoenix analijua duka la nyama ya halali linalopokea oda za bata mzinga kabla ya sikukuu. Ameagiza mmoja wa kilo sita hivi, asiyegandishwa, na kuomba akatwe vipande dukani: mapaja, mabawa, kidari kikiwa na mfupa wake, na mgongo ufungwe pembeni kwa ajili ya supu. Hatua hiyo moja imetuondolea matatizo mawili mazito ya karamu ya garini. Bata mzinga aliyeganda huhitaji kukaa frijini siku nzima kwa kila kilo mbili au zaidi kidogo, maana yake angeishika friji yetu yote kwa karibu siku tatu, na njia ya haraka ya kumyeyusha katika maji baridi hutaka maji yabadilishwe kila nusu saa, jambo lisilowezekana kwa mtu anayehesabu lita.

Majirani nao niliwaeleza. Mke wa mzee alikuwa amepanga kuleta viazi vitamu vya kuoka ambavyo Wamarekani huvifunika kwa zile pipi laini nyeupe ziitwazo mashimelo. Nikamwambia kwamba nyingi hutengenezwa kwa jelatini inayotokana na nguruwe. Hakuwahi kulifikiria hilo maishani mwake. Amesema atatumia njugu na sukari ya rangi ya kahawia badala yake, na kwa maoni yangu viazi vimeponea hapo.

Jumanne, 19 Novemba

Tumefika. Eneo ni tambarare la changarawe lenye vichaka vya kreosoti, miti michache ya palo verde yenye magome ya kijani, na milima myeusi upande wa mashariki. Tumeegesha mahali ambapo magari mengine yalikwisha kuegeshwa zamani, ili tusiukwaruze udongo mpya, umbali wa kama mita 30 kutoka kwa majirani zetu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kulisawazisha gari kwa vipande vya mbao chini ya magurudumu, na hapa nataka kueleza kidogo, kwa kuwa mtu asiyeishi hivi hudhani tunafanya hivyo ili tusilale vichwa chini. Friji ya gesi haina kompresa. Ndani yake mna amonia inayochemshwa na mwali mdogo wa moto, ikapanda kama mvuke, ikapoa na kushuka tena kwa uzito wake yenyewe, na katika safari hiyo huchukua joto la ndani ya friji. Gari likiinama sana, amonia haishuki inavyopaswa na friji huacha kupoza huku taa yake ikiendelea kuonyesha kwamba yote ni sawa. Kwa wiki yenye nyama ya watu kumi, pima-maji ni kifaa cha jikoni kama kisu.

Jiko la karamu litakuwa nje, upande wa kusini wa gari, kwa sababu upepo wa hapa wakati wa baridi mara nyingi hushuka kutoka kaskazini kufuata bonde la Mto Colorado, na gari lenyewe litatukinga. Upande huohuo ndiko liliko turubai la kukunjua, lakini siliweki katika hesabu kama paa. Turubai hilo huvunjika mikono kwa upepo usio mkali hata kidogo, na ukisikia linapiga kelele ujue umechelewa kulikunja.

Ijumaa, 22 Novemba

Leo tumejaribu namna ya kuoka bila oveni, kwa kutumia kuku.

Chombo ni kile chungu kizito cha chuma chenye miguu mitatu na kifuniko cha bapa chenye ukingo ulioinuka, ambacho Wamarekani wamekuwa wakipikia kambini tangu enzi za mikokoteni. Ukingo wa kifuniko uko pale ili makaa yakae juu bila kuporomoka. Nilipokiona mara ya kwanza dukani nilicheka peke yangu, maana bibi yangu alikuwa akipalia moto juu ya kifuniko cha sufuria kila siku ya pilau na kila alipooka mkate wa kumimina, na hakuwahi kuhitaji ukingo. Alikuwa na bati.

Tofauti ni kwamba hapa mkaa unaouzwa ni ule wa kushindiliwa, vipande vyote vikilingana, kwa hiyo moto unaweza kuhesabiwa. Kwa chungu cha inchi 12, watumiaji wake huweka vipande kama 25: vinane chini na 17 juu ya kifuniko, ili kupata joto la sentigredi 175 hivi kwa kuoka. Mwenye kuzoea kupika huona ajabu kwamba moto mwingi unawekwa juu, lakini sababu yake ni wazi. Joto la chini linashika chuma na chakula moja kwa moja na kuunguza upesi, ilhali la juu lazima lipite katika hewa iliyo ndani ya chungu kabla ya kukifikia chakula.

Mkaa tuliuwasha katika mkebe wa bati wenye matundu hadi ukafunikwa na majivu meupe. Kuku alikuwa amepakwa tangu jana kitunguu saumu, tangawizi, bizari nyembamba, pilipili manga, ndimu na chumvi. Kila baada ya robo saa mume wangu alikizungusha chungu robo duara upande wa kulia na kifuniko robo duara upande wa kushoto, ili kipande kimoja cha mkaa kisikae mahali pamoja na kutoboa doa jeusi. Saa moja na dakika chache baadaye kipimajoto kilichochomekwa katikati ya paja kilisoma zaidi ya sentigredi 80, na ngozi ilikuwa imekauka na kuwa ya dhahabu juu na pembeni. Chini ililowa kidogo kwa mafuta yake. Mara ijayo nyama itakaa juu ya vitunguu vilivyokatwa vinene.

Kilo sita za bata mzinga haziingii katika chungu kimoja. Mzee jirani anacho chake cha ukubwa uleule, na ameahidi kukileta pamoja na yeye mwenyewe, kwa sababu, anasema, hajawahi kumwacha mtu akichezea chungu chake bila usimamizi.

Jumatatu, 25 Novemba

Maji. Tanki letu la maji safi hubeba lita 150. Tanki la maji yaliyotumika sinki na bafu hubeba lita 115, na hapo ndipo penye ugumu ambao wageni wa maisha haya huwa hawauoni: kinachotubana si kiasi cha maji tulicho nacho, ni mahali pa kuyaweka yakishachafuka. Hatumwagi maji ya vyombo jangwani. Tukipikia na kuoshea watu kumi kwa mtindo wa nyumbani, tutajaza tanki hilo kabla ya saa sita mchana na karamu haijaanza.

Nilipiga hesabu ya vyombo. Sahani kumi za chakula, kumi za pai, glasi, uma, visu, vijiko, mabakuli ya kupakulia na sufuria. Rafiki yetu wa Phoenix alishauri sahani za karatasi, na ni ushauri wa busara ambao nimeukataa. Pilau katika sahani ya karatasi hulainika chini na kunuka karatasi, na mfuko mzima wa sahani zenye mafuta unabaki nasi garini hadi tupate mahali pa kutupa taka.

Tumeamua kula katika sinia. Pilau katikati, nyama juu yake, watu watano kwa sinia moja, mkono wa kulia, mikeka chini. Nyumbani ndivyo shughuli zote zinavyoliwa na hakuna anayefikiria kwamba ni njia ya kuokoa maji, lakini ukihesabu utaona masinia mawili badala ya sahani kumi, na uma na visu kutoweka kabisa. Kunawa kwa birika na beseni, watu kumi kabla na baada ya kula, hakuzidi lita sita. Maji ya kwanza ya kuoshea mchele yatawekwa kando ya kulowekea sufuria. Kila chombo chenye mafuta kitafutwa kwanza kwa karatasi kabla ya kuguswa na maji, kwa sababu mafuta yakiingia katika tanki huganda, hunuka, na kuudanganya mtambo unaopima ujazo.

Nilikuwa na wasiwasi na majirani. Mzee ana goti bovu na hawezi kushuka mkekani. Mume wangu amekata miguu ya meza ya zamani ya kukunja ili sinia moja likae kwa kimo cha viti vya kambini, na meza hiyo itakaa watano bila mtu kuinama sana. Kuhusu kula kwa mkono, mke wa mzee amesema, kwa uso usio na mzaha wowote, kwamba alilea wavulana wanne.

Choo cha gari letu hakiwezi kubeba watu kumi kwa siku mbili. Tumenunua choo cha kubebeka na hema lake dogo. Sina zaidi la kusema juu ya hilo.

Jumatano, 27 Novemba

Asubuhi tulikwenda mjini kumwaga matanki, kujaza maji na kuongeza gesi, tukiacha meza na mikeka kushika nafasi yetu. Tanki la propani halijazwi zaidi ya asilimia 80, ili gesi ipate nafasi ya kutanuka jua likiwaka. Tumerudi, tumesawazisha gari upya, na friji imeshika baridi kufikia mchana.

Rafiki yangu alifika saa tisa na boksi la barafu. Bata mzinga alikuwa amekatwa vizuri sana, kidari kikiwa kimegawanywa kati kwa kati na kila kipande kimefungwa peke yake. Tulimpaka viungo garini, tukapanga vifurushi katika rafu ya chini ya friji na kuviacha vilale humo. Mgongo na shingo tumevichemsha usiku huuhuu kwa tangawizi na mdalasini, kwani supu hiyo ndiyo itakayopikia pilau ya kesho pamoja na ile ya nyama ya ng'ombe.

Familia ya Tucson imeingia giza likiwa limeanza kutanda, ikapiga hema kwa taa za gari. Mama alishuka na mwiko wake mwenyewe mkononi, mrefu kama kasia. "Dada," akaniambia hata kabla ya salamu kwisha, "sufuria yako ya bukari nionyeshe leo, nisiingoje kesho nikapata presha." Nilimwonyesha. Aliigonga kwa kidole, akaigeuza, akasema itafaa kama kuna wanaume wawili wa kuishika. Watoto wamelala garini kwetu, katika kitanda cha juu ya dereva, na hawajaacha kupiga kelele kwa furaha tangu wapande.

Alhamisi, 28 Novemba

Naandika usiku, wote wamelala.

Alfajiri kulikuwa na sentigredi saba. Saa mbili asubuhi tulianza kukaanga vitunguu vya pilau nje, juu ya jiko la gesi la plati mbili, kwa kilo moja na nusu ya mchele. Hili ni jambo la kwanza lililothibitisha uamuzi wa kupikia nje: kilo ya vitunguu ikikaangwa ndani ya gari la futi 25 hadi iwe rangi ya kahawia iliyokolea, utalala na harufu hiyo hadi Februari, na mvuke wote wa sufuria hugeuka matone kwenye madirisha. Ndani tulibakiza kuchemsha chai tu, dirisha likiwa wazi na kengele ya kutambua hewa ya sumu ikiwa imepimwa.

Shemeji alifika saa nne kasoro, akiwa na uhakika kwamba ni saa tatu kasoro. California iko nyuma ya Arizona kwa saa moja wakati huu wa mwaka, na simu yake ilikuwa bado haijashtuka. Alileta tende, halua na mfuko wa makaa, akavua koti na kuuliza kazi iko wapi. Tukamkabidhi moto.

Upepo ulianza saa tano, kutoka kaskazini kama tulivyotarajia, lakini ulikuwa ukijipinda pande zote mbili za gari na kuingia jikoni kwa vishindo vifupi. Turubai lilikunjwa mara moja. Mkaa wa upande wa magharibi wa vyungu ukawa unawaka mwekundu na kwisha haraka, huku wa upande mwingine ukifunikwa na majivu tu, na hesabu ya vipande vinane na 17 haikuwa na maana tena. Mzee na shemeji, wasio na lugha ya pamoja zaidi ya Kiingereza cha barabarani cha mmoja na Kiingereza cha shambani cha mwenzake, walilisogeza gari la shemeji likawa ukuta wa pili, wakasimamisha mabati mawili kuuzunguka moto, kisha wakaanza kubishana juu ya chungu. Mzee alitaka kuzungusha kwa saa yake ya mkononi. Shemeji alitaka kuweka kiganja juu ya kifuniko, asikilize joto, kisha ahamishe makaa kwa koleo kutoka penye mengi kwenda penye machache. Mwishowe kila mmoja alichukua chungu chake: mzee mapaja na mabawa, shemeji kidari. Mapaja yalitangulia motoni saa sita kwa sababu yanachelewa kuiva, na kidari kikafuata nusu saa baadaye.

Ilipofika saa nane kasoro robo kipimajoto katika kidari kilisoma sentigredi 74, ambacho ndicho kiwango cha usalama kwa nyama ya ndege, na hapo tulikiondoa motoni kikiwa bado na maji yake. Mapaja tuliyaacha yapande hadi 85, nyama ikaanza kuachana na mfupa. Vitunguu vya chini vilikuwa vimeyeyuka na kuwa mchuzi mzito ambao haukuwa katika mpango wa mtu yeyote, na ndio uliogombewa zaidi.

Pilau ilipaliwa moto juu kwa makaa yaliyobaki. Mama wa Tucson alisonga bukari wakati huo, mume wangu na mumewe wakiwa wamechutama kila upande wameishika sufuria kwa vitambaa, naye amesimama wima, mwiko ukizama na kuibuka, akiwakemea wasitetereke. Mke wa mzee alipiga picha ambayo nadhani itaonekana Minnesota nzima.

Tuliketi saa nane na nusu. Birika lilizunguka, mtoto mmoja akishika beseni na mwenzake akimwaga maji. Wamarekani wana desturi ya kila mtu kutaja jambo moja analoshukuru, na mzee aliomba tuifanye. Shemeji akaomba dua kwanza, baba wa Tucson akasali kwa Kiswahili cha kwao, kisha tukataja. Wengi walitaja afya na kazi. Mtoto mkubwa alishukuru kwa kitanda cha juu ya dereva.

Sinia la viti na sinia la mkeka vilikuwa na vyakula sawa: pilau, vipande vya bata mzinga juu, sukuma wiki upande mmoja, kachumbari upande mwingine. Bukari na sombe vilikaa katika mabakuli mawili kati yetu. Mzee alikula taratibu, akikusanya wali kwa vidole vyote vitano na kupoteza karibu nusu yake njiani, mpaka mtoto mdogo alipohama mkekani akaenda kumwonyesha namna ya kuubana tonge dogo na kulisukuma kwa kidole gumba. Mke wa mzee hakuhitaji mwalimu. Alikula sombe mara mbili akauliza kama ni spinachi, na alipoambiwa ni majani ya muhogo akataka kujua yanauzwa wapi.

Pai za maboga, viazi vitamu na halua vililiwa pamoja na chai ya tangawizi. Jua lilizama muda mfupi baada ya saa kumi na moja na nusu, na baridi ikashuka palepale. Kufikia hapo vyombo vilikuwa vimekwisha kuoshwa. Jenereta hatukuiwasha kabisa. Betri zilizochajiwa na sola zilitosha kwa taa za jioni na pampu ya maji.

Ijumaa, 29 Novemba

Hesabu ya maji: tulitumia lita 55 kwa siku nzima ya jana, ikiwemo ya kunywa na ya chai, na tanki la maji machafu halijafika nusu. Nilikuwa nimetenga 70.

Mabaki yalikuwa kazi kubwa kuliko nilivyofikiri, kwa kuwa friji yetu haina nafasi ya kuhifadhi na chakula kilichopikwa hakipaswi kukaa nje zaidi ya saa mbili. Jana tulifungasha kabla ya chai: kila familia ilipewa kifurushi chake, kikawekwa katika boksi la barafu la kwao. Kwetu ilibaki mifupa, ambayo leo imekuwa supu ya asubuhi kwa watu wote, ikaliwa na chapati alizokuja nazo rafiki yangu.

Kabla wageni hawajaondoka tuliwapeleka watoto mjini kwenye makaburi, kuona piramidi la mawe lenye umbo la ngamia juu yake. Hapo amezikwa Hadji Ali, ambaye Wamarekani walimwita Hi Jolly kwa kushindwa kulitamka jina lake. Alitoka katika dola ya Waosmani, akaletwa katika miaka ya 1850 wakati jeshi la Marekani lilipojaribu kutumia ngamia kubebea mizigo katika jangwa hili, akabaki baada ya jaribio hilo kuachwa, na kufia hapa mwaka 1902. Shemeji alisimama mbele ya kaburi akanyoosha mikono, akamsomea Fatiha. Watoto walitaka kujua alikuwa akila nini siku ya sikukuu, na hapakuwa na aliyeweza kuwajibu.

Jumapili, 1 Desemba

Siku 14 zinakwisha kesho, kwa hiyo leo tumefunga kambi. Majivu yote ya mkaa yamezimwa kwa maji ya mwisho ya sufuria, yakawekwa katika ndoo ya bati na kupelekwa mjini pamoja na taka. Tumefagia changarawe mahali palipokuwa na mikeka, na punje za wali zilizobaki wamezimaliza kware.

Mambo yaliyobaki katika orodha, kwa kuwa mzee na mkewe wameomba tuwe nao Krismasi na familia ya Tucson imesema itakuja hata isipoalikwa: kununua chungu cha pili chetu wenyewe, cha inchi 12, chenye kina kirefu, kutengeneza kinga ya upepo ya mabati matatu yenye bawaba badala ya kuegemeza mabati kwa mawe, kutafuta sinia la tatu, na kumpatia mama wa Tucson sufuria nzito yenye masikio makubwa, ambayo amekwisha kuielezea kwenye simu kwa urefu, kipenyo na uzito.

Shemeji ameuliza kama Krismasi anaweza kuja na mbuzi. Nimemwambia aje naye akiwa amekwisha kuchinjwa.